Jibu Likiwa Hapana: Maombi ya Injili ya Mafanikio na Maombi Aliyofundisha Yesu

Mkristo anayetafuta namna ya kusali leo Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi anakutana na mafundisho mawili, mara nyingi katika mtaa mmoja na kwa Biblia ileile. La kwanza, liitwalo injili ya mafanikio, linasema Mungu alishatoa afya na mali kwa kila aaminiye, na kilichobaki ni wewe kuzidai: kiri kwa kinywa, panda mbegu (yaani toa sadaka), pokea. La pili linasema Mungu ni Baba anayejua haja zako. Mwombe bila kuficha kitu, omba tena na tena, kisha uamuzi mwachie yeye. Yote mawili yanahubiriwa na watu wanaofunga na kukesha, na yote mawili yana shuhuda. Kwa hiyo shuhuda peke yake hazitakusaidia kuchagua.

Mimi nimechagua la pili, na nasema mapema ili usome ukijua niliposimama. Ni mzee wa kanisa, ninaongoza jumuiya ya nyumba kwa nyumba, na nimekaa kando ya vitanda vya watu waliokuwa wakifa huku wakiamini kwamba ni imani yao iliyopungua. Ndiyo sababu ya kuandika. Kipimo ninachokupa ni kimoja: fundisho la maombi lipime kwa kile linachomwambia mtu aliyeomba kwa machozi na hakupewa.

Fundisho la kudai lilikotoka

Halikuanzia kwetu. Misingi yake iliwekwa Marekani na E. W. Kenyon (1867–1948), likaenezwa na mhubiri Kenneth Hagin, aliyesimulia kwamba mwaka 1934, akiwa kijana mgonjwa wa moyo, aliinuka kitandani kwa kushika Marko 11:24. Mwaka 1974 alifungua chuo cha Rhema huko Oklahoma. Mhubiri mwenzake, Oral Roberts, naye alisimulia kwamba mwaka 1947 alifungua Biblia akakutana na 3 Yohana 2: "Mpenzi, naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako, kama vile roho yako ifanikiwavyo." Baadaye akaja na fundisho la imani ya mbegu: toa kwanza, kisha utarajie kurudishiwa. Likasafiri kwa kanda, vyuo na televisheni, likashika Nigeria na Ghana, na lilipofika Afrika Mashariki lilikuwa tayari linazungumza kwa sauti ya Kiafrika.

Ukiisoma 3 Yohana yote, ambayo ni ukurasa mmoja tu, utaona mstari ule ni salamu ya mzee kwa rafiki yake Gayo. Anamtakia heri. Hakuna mahali anamwambia kwamba afya na mali ni haki yake aidai.

Lakini tusijidanganye kuhusu kinachowavuta watu. Mama ana kodi ya miezi mitatu hajalipa, mume hana kazi, mtoto karudishwa nyumbani kwa michango ya shule. Anakuja kwetu, makanisa ya zamani, jina lake linasomwa kwenye orodha ya wahitaji baada ya matangazo ya kwaya, basi. Anakwenda kule, anakuta watu wanaosimama naye tangu saa nne usiku mpaka alfajiri, wanamshika mikono, wanalia naye, wanamwambia Mungu ameiona kodi yako. Kule umaskini unachukuliwa kuwa jambo la kupeleka mbele za Mungu, na kwa hilo wako sahihi. Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba riziki ya leo. Kanisa linaloona aibu kuombea kodi ya nyumba halina la kumfundisha mama huyu, na sehemu kubwa ya watu waliotuhama waliondoka kwa sababu ya ubaridi wetu.

Haja moja, maombi mawili

Chukua mtoto wa miaka sita mwenye selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi wenye ugonjwa huo, kwa hiyo wengi wetu tunaijua nyumba ya namna hii. Ni usiku, miguu na mikono inamuuma, analia hataki kuguswa.

Maombi ya kwanza huenda hivi: "Ninaukataa ugonjwa huu katika jina la Yesu. Mwanangu si mgonjwa. Kwa kupigwa kwake alishapona. Ninaiamuru damu hii ibadilike sasa. Ninaivunja madhabahu ya ukoo wa baba yake. Ninapokea uponyaji wake, ninautia muhuri kwa sadaka hii. Imekuwa!"

Maombi ya pili: "Baba, mtoto anaumia na mimi nimechoka. Unaweza kumponya, nakuomba umponye usiku huu. Maumivu yapungue alale. Wape hekima madaktari wa kliniki, nipatie nauli ya kumpeleka kesho. Naogopa nisimpoteze. Usituache. Mapenzi yako yatimizwe."

Sikiliza kwa makini, utaona kwamba katika yale ya kwanza Mungu karibu haongeleshwi. Anaongeleshwa ugonjwa, inaongeleshwa damu, inaongeleshwa madhabahu. Na mama haruhusiwi kusema kwamba anaogopa, kwa sababu kusema hivyo ni kukiri vibaya na kukiri vibaya kunafungua mlango. Katika yale ya pili mama amesema ukweli wote: uchovu, hofu, nauli. Ameomba muujiza waziwazi, wala hakuuona muujiza na kliniki kuwa maadui.

Wale wa kwanza watasema ya pili ni maombi dhaifu, hasa pale mwisho. Walimu wengi wa fundisho hili hufundisha kwamba kumwambia Mungu "ukipenda" ni kuingiza shaka na kuua imani. Basi mtazame mwenye ukoma wa Marko 1:40. Alipiga magoti mbele ya Yesu akasema, "Ukitaka, waweza kunitakasa." Hakudai wala hakuamuru. Yesu hakumkemea kwa kukosa imani, alinyosha mkono akamgusa, akamwambia, "Nataka, takasika." Akapona palepale. Ningependa kila mtu aliyeambiwa kwamba "ukipenda" ni neno la wasioamini aisome habari hiyo kwa sauti.

Siku jibu lisipokuja

Hapa ndipo mafundisho haya mawili yanapoachana kabisa, na hapa nitakaa.

Mtoto hakupona. Wiki ya pili maumivu yamerudi. Mama anarudi kwa aliyemwombea. Katika fundisho la kudai Mungu alishatoa, kwa hiyo kama hakijafika, kizuizi kiko upande wa mama, na majibu ni yaleyale: imani yako ni ndogo, au kuna dhambi umeificha, au kuna laana ya ukoo haijavunjwa, au ulikiri ugonjwa mbele ya watu, au mbegu haikulingana na hitaji. Kila moja ya sababu hizo inamwangukia aliyeumia. Hakuna hata moja inayomwangukia mwalimu, wala inayoacha nafasi kwamba Mungu ana kusudi lingine. Fundisho haliwezi kushindwa. Mgonjwa peke yake ndiye anayeweza kushindwa.

Nilimfahamu mama mmoja wa namna hii, jina lake libaki kwake. Alipokuja kwenye jumuiya yetu alikuwa na bahasha mkononi, zile za kaki zilizochapishwa mistari: jina, namba ya simu, hitaji, kiasi cha mbegu, na chini kabisa namba ya kulipia kwa simu. Kwenye hitaji alikuwa ameandika kwa kalamu "damu ya mwanangu". Kwenye kiasi aliandika tarakimu, akaikata, akaandika kubwa zaidi, akaikata tena. Ile ya tatu ilikuwa pesa aliyotenga kwa ajili ya dawa. Hakuna aliyemshika kwa nguvu. Alikuwa amefundishwa tu kwamba kama mtoto haponi, ni yeye hajafika kwenye kiwango, na mama gani atakubali mtoto wake afe kwa sababu yeye alibania?

Sasa tazama Biblia inamwambia nini mtu huyohuyo. Mwana wa Mungu, Gethsemane, alisema: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Kikombe hakikuondolewa. Waebrania 5:7 inasema aliomba kwa kulia sana na machozi, akasikilizwa kwa sababu ya kumcha Mungu. Alisikilizwa, na bado alisulubiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kusikilizwa kikamilifu na Baba na asipewe alichoomba. Anayefundisha kwamba imani ya kweli haikosi kupata, atuambie Yesu alipungukiwa nini usiku ule.

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe. Jibu: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mtume huyohuyo aliyekuwa chombo cha miujiza Efeso alimwacha Trofimo mgonjwa Mileto, na alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia akatae ugonjwa, wala apande mbegu. Alimpa ushauri wa tiba kwa kadiri ya siku zile.

Shadraka, Meshaki na Abednego walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo, ujue, ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako." Katika fundisho la kudai, "kama si hivyo" ni ukiri mbaya. Katika kitabu cha Danieli ndiyo imani yenyewe. Nayo Waebrania 11, sura tunayopenda kuiita ya mashujaa wa imani, inawataja waliofunga vinywa vya simba na waliokatwa kwa misumeno katika pumzi moja, na kuwashuhudia wote kwa imani ileile.

Hata hapa kwetu tunao. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulikuwa wa watu wa maombi kwelikweli. Waliokolewa wakarudisha vitu walivyoiba, wakaenda kupatana na jirani waliyekosana naye. Janani Luwum aliokoka katika uamsho huo mwaka 1948, akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, na tarehe 16 Februari 1977 akauawa chini ya utawala wa Idi Amin. Alikuwa mtu wa maombi, katika kanisa la watu wa maombi. Ukilishika fundisho la kudai, huna namna ya kumwelezea Luwum ila kumhesabia upungufu. Ukilishika la pili, anasimama pamoja na Stefano.

Niongeze onyo kwa upande wangu, maana hata fundisho la pili linaweza kuharibiwa. Kuna watu wanaosema "mapenzi yako yatimizwe" ili wasiwe na kazi ya kuomba. Wanaomba mara moja, kwa sauti ya mtu anayesoma hati, hawatarajii lolote, na wakikosa hawashtuki. Hayo si maombi ya Gethsemane. Yesu alisema "bali utakavyo wewe" katika maombi yaliyomtoa jasho, na aliomba jambo hilohilo zaidi ya mara moja. Mjane wa Luka 18 alimchosha kadhi. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atamsahau mtu wake. Ukichagua njia hii, chagua na hiyo sehemu ya kung'ang'ana.

Mistari inayotumika

Marko 11:24 ipo na tusiikwepe: lolote tuombalo tukisali, tuamini tunapokea. Lakini mstari wa 25 unafuata palepale na kuagiza kila tusimamapo kusali tusamehe. Ni mara ngapi umesikia wa 24 ukihubiriwa pamoja na wa 25? Na Maandiko yanajieleza yenyewe katika 1 Yohana 5:14, kwamba tukiomba kitu sawasawa na mapenzi yake, atusikia. Warumi 4:17, kuhusu kuyataja yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako, inamsema Mungu. Haisemi sisi tunaweza. Malaki 3:10 ilielekezwa kwa Israeli na ghala lao, na fungu la kumi kwa mujibu wa Kumbukumbu la Torati 14 liliwalisha Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mjane alikuwa mpokeaji.

Pesa

Sina ugomvi na sadaka. Ninatoa, na ninafundisha watu kutoa. Ugomvi ni pale pesa inapowekwa kati ya mtu na jibu lake. Naamani alipopona alimletea Elisha fedha na mavazi, Elisha akaapa kwamba hatapokea. Gehazi akamkimbilia kwa siri, akapokea, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Simoni wa Samaria alipotaka kutoa fedha apate uwezo wa Roho, Petro alimwambia: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Ni vigumu kupata mstari mkali kuliko huo katika kitabu cha Matendo.

Njia ya kudai inapofika kwenye pesa, haina breki ndani yake. Mwaka 1987 Oral Roberts aliwaambia watazamaji wake kwamba Mungu angemchukua zisipopatikana dola milioni 8. Mwaka 2014 televisheni ya KTN ya Kenya ilionyesha waumini wakiambiwa wapande mbegu ya shilingi 310, na maji ya kuoshea miguu yakigeuzwa mekundu kama damu kwa potasiamu pamanganeti. Hagin mwenyewe, mwaka 2000, miaka mitatu kabla ya kufariki, alichapisha kitabu kuwaonya wenzake juu ya kuahidi watu marejesho ya mara mia na kufanya utoaji kuwa biashara. Onyo hilo kutoka ndani ya nyumba yao halijasikika sana huku kwetu.

Na vitu vya upako vimefuata mkondo huohuo. Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa watu wenye haja za kweli. Walifundishwa kwamba jibu liko pale chini, mahali pamoja, kwa dakika chache. Mungu wa Mathayo 6 yuko chumbani kwako mlango ukiwa umefungwa. Hakuna anayepaswa kukimbia ili asimkose.

Makanisa ya zamani tusijivune. Kuna sharika ambako asiyelipa ahadi anasomwa jina hadharani, na familia ikifiwa inaulizwa kwanza kadi ya michango. Hiyo nayo ni kuweka pesa mlangoni pa neema, na ukiikuta usiitetee kwa sababu tu kanisa lina mnara na kengele.

Ukitaka kuchagua

Usichague kwa jina la dhehebu. Wapo Wapentekoste wengi wanaoomba kama Yesu alivyofundisha, kwa moto na kwa unyenyekevu, na wapo walutheri, waanglikana na wakatoliki ambao mioyoni wanadai. Wala usidhani uchaguzi ni kati ya wanaoamini miujiza na wasioamini. Wanateolojia wa Kiafrika wa kundi la Lausanne, vuguvugu la kimataifa la Wakristo wa kiinjili, waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 waliandika tamko juu ya injili ya mafanikio. Walianza kwa kukiri kwamba Mungu anatenda miujiza hata leo, kisha wakakataa wazo kwamba uweza wake unaendeshwa kwa maneno, mbinu au ibada zetu. Mimi niko hapo.

Nenda ukakae ibada kadhaa, usikilize. Wagonjwa wa muda mrefu wako wapi? Kama mtu wa kiti cha magurudumu au mwenye VVU anaonekana siku ya muujiza tu, kisha haonekani tena, jiulize alikwenda wapi. Je, kuna anayeruhusiwa kusimama mbele na kusema "niliombewa, sijapona, na bado namwamini Mungu"? Mahali ambapo ushuhuda huo hauwezi kutolewa, siku yako ikifika hutakuwa na pa kukaa. Angalia pia kama unafundishwa kusali mwenyewe, au kila mara lazima upitie kwa mtu mmoja, kwenye madhabahu yake, kwa mafuta yake. Na muulize mchungaji moja kwa moja kuhusu dawa. Akikuambia uache ARV, insulini au dawa za presha ili kuthibitisha imani, ondoka siku hiyohiyo. Hapo hakuna la kujadiliana.

Kama uko ndani ya fundisho la kudai na umeshaahidi mbegu usiyoweza kuilipa, nikuambie kama ndugu: ahadi uliyoitoa kwa hofu ya mtoto wako kufa si deni kwa Mungu. Pesa ya dawa nunulia dawa. Pesa ya ada lipia ada. Hutapigwa. Ukitaka kutoa, toa unachoweza, kwa furaha, bila kuandika hitaji kwenye bahasha.

Na usiache kusali kwa sababu umeumizwa na fundisho la maombi. Wengi nimewaona wakitoka kule wakaacha yote, hata kuombea chakula. Anza na Baba Yetu, taratibu, kipengele kwa kipengele, na ukifika kwenye riziki ya leo simama hapo utaje vitu kwa majina yake: kodi, nauli, dawa, daftari la mtoto. Ukikosa maneno, zipo Zaburi 13, 42 na 88. Ya 88 inaishia gizani bila jibu, na imo ndani ya Biblia. Tafuta watu wawili au watatu wa kusali nao ambao hawatakuhoji kwa nini hujapona. Katika jumuiya yetu tunakutana Jumatano jioni, na yule mama ni mmoja wetu. Mtoto bado anahudhuria kliniki, bado kuna usiku mbaya, na kila wiki tunaomba tena apone.